Miwani Nisiyoweza Kuivua

Mwanangu Amoni alisema macho yangu yamekufa. Aliyasema hayo mbele ya mkewe Leah, mbele ya jirani yangu Zakia, na mbele ya magunia sita ya maharage, na mimi nipo palepale mkekani, ungo mapajani, naokota. Sikumjibu upesi. Nilikuwa nimefika katikati ya ungo, na ungo ukiuacha katikati unarudia mwanzo.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Masikio bado hayajafa."

Zakia akacheka mpaka akaegemea gunia. Amoni hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya ofisini, vile vyeusi vyenye ncha, na alikuwa anaitazama miwani yangu. Miwani ilikuwa chini, nimeikunja vizuri juu ya pindo la kanga. Uso wangu ulikuwa umeinamia ungo, pua imebakiza shubiri moja kugusa maharage.

"Unaona, Leah?" akasema. "Anavua miwani ndipo aone. Miwani imeshindwa. Macho yamekufa, na sisi tumekaa tu."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na ndiyo sababu naandika. Kijana amesoma hadi kidato cha sita, ni wakala wa forodha hapa mpakani Tunduma, anasoma makaratasi ya malori kutwa nzima. Lakini ameishi na mama yake miaka thelathini na sita na hajui mama anaonaje.

Basi nieleze. Mimi sioni mbali tangu utoto. Nilipokuwa darasa la tatu kule kwetu Mbangala, mwalimu alinisogeza dawati kwa dawati mpaka nikabaki hatua mbili na ubao, na bado maandishi yalikuwa kwangu kama unga uliomwagika. Lakini karibu! Umbali wa shubiri moja sijakutana na mtu wa kunishinda. Nyumbani kwetu mimi ndiye nilikuwa natoa miiba vidoleni na funza miguuni mwa watu wote, baba, mama na wajomba wakija. Mama alikuwa ananiambia, "Nesta, njoo na pini," na mimi naja na pini.

Miwani nilipata ukubwani, mwaka themanini na saba, tumeshahamia Tunduma. Marehemu mume wangu Mika alinipeleka hospitali ya misheni, nikarudi na kitu kizito chenye fremu ya kahawia na vioo kama kitako cha chupa. Siku hiyo nilisimama nyuma ya nyumba nikatazama ng'ambo, upande wa Nakonde, nikamwona mwanamke wa Zambia anaanika shuka. Nikamwona hata kwamba ni mjamzito. Nilimwita Mika nikamwambia, kumbe wale watu wanatuona siku zote!

Tangu hapo maisha yangu yakawa hivi: ya mbali navaa, ya karibu navua. Wenzangu walipofika miaka arobaini na kitu wakaanza kusukuma sindano mbali, mkono umenyooka kama wanaiogopa. Mimi nikawa natunga uzi kimyakimya, bila miwani. Na kazi ikanifuata yenyewe.

Zakia huyu, Mama Zahoro, alikuja Tunduma mwaka tisini na moja kutoka Tanga, na mumewe dereva wa lori. Ananunua maharage ya mbegu, kablanketi na ya njano, anayauza kwa wakulima wa Momba na kwa Wazambia wanaovuka. Mbegu yake ina jina kwa sababu moja. Mdudu wa maharage hutaga, na mtoto wake hula ndani kwa ndani. Akikaribia kutoka anakwangua ngozi ya harage kutoka ndani mpaka ibaki nyembamba kama karatasi. Kwa nje unaona duara dogo, limefifia kidogo, kama mtu amegusa harage kwa kichwa cha pini. Hakuna tundu bado. Mimi naliita dirisha. Kila mtu anaona tundu. Dirisha wanaliona wachache, na mwenye kuliona anamwokota mdudu kabla hajatoka kuharibu gunia zima. Kuna mnunuzi wa Nakonde, mtu mzima, kila akija anauliza kwanza, "Bamayo kapitisha mkono?" Bamayo kwao ni mama, ndiye mimi. Wakisema nimepitisha, anapakia bila kufungua gunia.

Hayo ndiyo macho aliyosema Amoni yamekufa.

Lakini nisimwonee mwanangu. Hakukurupuka tu. Wiki tatu kabla ya siku ile, Januari ya 2014, mvua ilininyeshea nikivuka barabara kuu penye foleni ya malori. Vioo vikajaa maji. Nikaifuta miwani kwa ncha ya kitenge, kitenge chenyewe kimelowa, nikawa nimejipaka ukungu. Nikaingia barabarani. Bodaboda ikanichukua ubavuni. Mimi nilianguka upande, nikachubuka paja na kiwiko. Miwani iliruka ikaenda kulala chini ya gurudumu la lori lililobeba shaba ya Zambia, na lori likasogea.

Siku kumi na nne nilikaa nasubiri miwani mpya kutoka Mbeya. Leah alinishika mkono kwenda chooni. Kanisani niliimba kwa kukumbuka. Mtu akinisalimu natazama kwanza rangi ya nguo, halafu nabahatisha jina. Niliumia moyo zaidi ya paja, na Amoni aliniona naumia.

Ndipo akaja na habari ya leza.

"Kuna kliniki Dar," akasema siku ile mlangoni. "Mteja wangu mmoja kafanyiwa. Dakika kumi na tano, Mama! Wanapitisha mwanga kwenye jicho, wanalinyoosha, kwisha. Miwani unatupa. Nimeshapiga simu, nimeshaandikisha jina lako. Tarehe kumi na moja mwezi wa pili."

"Uliwaambia nini kuhusu macho yangu?"

"Niliwaambia huoni."

"Sioni nini?"

"Huoni, Mama. Kutoona ni kutoona."

Zakia akaingia katikati. "Amoni mwanangu, mama yako ni wako, mpeleke hata Uhindi. Lakini mbegu yangu lazima itoke kabla ya mwezi wa tatu, watu wapande. Mama Amoni akirudi haoni dirisha, hayo maharage atanichagulia nani, kuku?"

"Mama Zahoro, afya ya mama yangu na maharage yako kipi kikubwa?"

"Usinichonganishe na rafiki yangu," Zakia akajibu. "Mimi nimeuliza tu. Hilo swali limeulizwa huko Dar?"

Nikavaa miwani ili nimwone Amoni uso. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa siku ile ya bodaboda na ambaye bado anaogopa, na anataka hofu iishe kwa dakika kumi na tano. Nilimhurumia. Lakini huruma haikunifanya nimpe macho yangu.

"Nitakwenda," nikasema. "Ila naenda kuuliza. Usije ukaniambia mbele ya watu kwamba nilikubali kitu kingine."

Mizigo niliifunga mwenyewe. Gauni mbili, sweta, kanga za kulalia, Biblia, miwani yangu mpya ya Mbeya. Halafu nikachukua ungo mdogo wa mkono na kilo moja ya kablanketi ambayo haijachaguliwa, nikaifunga kwenye kitambaa cheupe. Amoni aliona begi linavimba.

"Mama, Dar maharage yapo."

"Haya si ya kula."

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, sakafu ya vigae vinavyong'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Walinikalisha kwenye mashine moja baada ya nyingine. Weka kidevu hapa, tazama taa ya kijani, usipepese. Wakanitia matone. Wakapima unene wa kioo cha mbele cha jicho, maana leza inapunguza hicho, na kikiwa chembamba hawagusi. Nilimwuliza kila mfanyakazi anapima nini na kwa nini, na kila mmoja alinijibu, nisiwasingizie.

Kwenye viti vya kusubiri nilikaa na binti mmoja aitwaye Witness, mwalimu kutoka Makambako. Yeye alifanyiwa jana yake, alikuja kuangaliwa. Alikuwa amesimama dirishani anasoma namba za magari yaliyo chini barabarani, moja baada ya nyingine, kwa sauti, na machozi yanamtoka.

"Shikamoo bibi. Samahani nakupigia kelele."

"Marahaba. Soma tu, mwanangu. Tangu lini huyaoni?"

"Tangu darasa la nne. Wanafunzi wangu waliniita Darubini." Akajipangusa. "Leo asubuhi nimeamka nikaona saa ya ukutani. Nimelala kitandani, bibi, nikaona saa!"

Nilifurahi naye, kwa moyo kabisa. Nikamwuliza kama inauma. Akasema haikuuma, ila macho yana mchanga mchanga, anaweka matone kila saa mbili, na jana jioni kila taa aliyoitazama ilikuwa na pete. Wamemwambia zitapungua.

"Na karibu unaona?"

"Kama kawaida."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

Nikalitia hilo akilini. Mimi nilikuwa na hamsini na tano.

Amoni akaja na fomu, kalamu imeshafunguliwa. "Saini hapa chini, Mama, halafu tunamwona daktari."

Nikavua miwani. Muuguzi akaona, akasogea haraka. "Bibi, nikusomee?"

"Asante mwanangu, ngoja kwanza."

Nikaleta karatasi puani. Ukurasa wa mbele ulikuwa Kiingereza, nyuma Kiswahili, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Nikasoma mstari kwa mstari, kidole kinafuata. Macho kukauka. Mwanga wa usiku kusumbua. Maambukizi, mara chache sana. Tiba haiwezi kurudishwa nyuma. Nikafika mstari wa tisa nikausoma kwa sauti, viti vyote vikasikia:

"'Mgonjwa mwenye umri unaozidi miaka arobaini atarajie kuhitaji miwani ya karibu baada ya tiba.' Amoni, ulisoma hapa?"

"Hayo wanaandika tu, Mama. Kila fomu ina hayo."

"Nimekuuliza kama ulisoma."

Akainama na yeye, akakunja macho, akaisogeza karatasi mbali. "Herufi zenyewe ndogo. Sikuziona."

"Hukuziona. Wewe mwenye macho yaliyo hai."

Witness aligeukia dirishani haraka, mabega yanatikisika.

Daktari alikuwa mwanamke, jina lake Mwanamvita, mtaratibu, mtandio wa bluu, mikono midogo sana. Aliniamkia, akanipa kiti, akamwomba Amoni akae pembeni. Alianza na mazuri, akayaeleza vizuri. Macho yangu yanafaa, kioo cha mbele ni kinene cha kutosha. Wengi wanaofanyiwa wanaridhika. Nitavuka barabara mvua ikinyesha, nitajua nani ananisalimu, nitaamka usiku bila kupapasa miwani. Nikamwambia hayo nayataka, na sitamdanganya kwamba siyataki.

"Sasa niambie mabaya, Daktari. Mstari wa tisa."

Akamtazama Amoni, akanitazama mimi. "Bibi, jicho lako limejengwa kuona karibu. Miwani yako inalivuta lione mbali. Kwa vijana, jicho likirekebishwa kwa mbali, lenyewe linajibana kuona karibu. Kwa umri wako halijibani tena. Likienda mbali linabaki mbali."

Nikalipanga hilo kichwani, kama napanga kuni. Halafu nikaivaa miwani yangu, nikaushika mkono wangu mbele ya uso. Mistari ya kiganja ikapotea. Nikaivua, ikarudi.

"Yaani mnanivalisha miwani hii ndani ya jicho," nikasema. "Miwani nisiyoweza kuivua."

"Ndiyo," akasema Daktari. "Ni hivyo hasa."

Amoni akasogeza kiti. "Lakini kuna miwani ya kusomea, Daktari. Si ataivaa hiyo?"

"Ataivaa," Daktari akakubali. "Watu wengi wanafanya hivyo."

"Basi tatizo liko wapi?"

Nikafungua begi. Nikatoa ungo, nikatoa kitambaa cheupe, nikamwaga maharage pale juu ya meza ya Daktari, kati ya kompyuta na sanamu ya jicho la plastiki. Amoni alifumba macho kwa aibu.

"Daktari, mimi ninachagua mbegu," nikamwambia. "Nipe hiyo miwani ya kusomea nione."

Mwanamke yule hakucheka wala kukasirika. Aliniwekea fremu nzito ya kujaribia, akapachika vioo vya mbali, ili jicho liwe kama limeshapigwa leza, na juu yake vioo vya kusomea. Nikashika harage. Sasa lilitaka nilishike mbali, karibu na magoti, na kule lilikuwa dogo. Tundu niliona. Nikaokota manne, matano yenye matundu. Dirisha sikuona hata moja. Nikalileta harage karibu kama nilivyozoea, likageuka doa. Nikajaribu tena na tena, harage kwa harage, kwa sababu nilitaka kujua ukweli, hata kama ukweli ungekuwa upande wa mwanangu.

"Kuna kioo cha kukuza," Daktari akasema polepole. "Cha kusimama mezani, kama cha mafundi saa."

"Kwa hiyo naingia na miwani moja, natoka na ya kusomea na kioo cha fundi saa. Na ungo niupetie wapi, juu ya meza?"

Akatabasamu. "Ipo njia nyingine. Tunafanya jicho moja tu. La kulia lione mbali, la kushoto tuliache na ukaribu wake. Wengine wanazoea. Wengine hawazoei, kichwa kinawazunguka, umbali wanakosea. Hatufanyi kabla ya kujaribu."

Nilipenda. Niseme kweli, nilipenda sana, moyo uliruka. Jicho moja la Amoni, jicho moja langu. Akaniwekea kioo upande wa kulia, kushoto wazi. Nikafunga hili nikafungua lile. Kweli, mbali nipo, karibu nipo. Nikaokota harage, nikaona dirisha kwa jicho la kushoto, dogo, jepesi, palepale. Amoni akapiga makofi.

"Umeona, Mama! Tumalize!"

"Bado sijapeta."

Nikakusanya maharage kwenye ungo, nikatoka nayo koridoni penye nafasi, wote wananifuata. Kupeta nimepeta tangu nina miaka sita. Unarusha, yanapanda, yanashuka, unayapokea, na vumbi linakwenda zake. Mikono inajua yenyewe. Nikarusha. Yakapanda vizuri. Nikasogeza ungo kuyapokea, na ungo ukawa hauko pale maharage yalipo.

Kilo nzima ilimwagika kwenye vigae. Yalidunda, yakakimbia chini ya viti, chini ya mashine ya maji, mengine yakateremka ngazi moja moja, tok, tok, tok. Watu wakainua miguu. Mzee mmoja aliyefungwa jicho aliuliza, "Ni mvua?"

Muuguzi akapiga magoti. Witness akapiga magoti. Na Amoni, na suruali yake ya pasi, naye akapiga magoti anaokota maharage chini ya viti vya wagonjwa, anapumua kwa hasira.

"Umeniaibisha, Mama," akasema bila kuinua kichwa. "Nimekutafutia uzima, wewe umenifanyia soko."

Nikavua ile fremu, nikakaa sakafuni karibu naye. "Nipe ulichookota."

Akanimiminia viganjani. "Haya, yote mazima haya. Yametosha?"

Nikayaleta puani. Moja, mbili, tatu. La nne nikalitenga. "Hili lina mdudu."

"Harage hili?" Akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga, akalisugua kwa dole gumba. "Mama, hili ni zima. Sikubali. Usiwe mbishi kwa kila kitu."

"Lipasue."

Akaliuma kwa jino, likafunguka. Ndani palikuwa na shimo, na shimoni amejikunja mdudu mweupe mnene, kichwa cha kahawia, anajinyonganyonga kwa sababu ya mwanga. Muuguzi akaguta. Amoni akalitupa, akafuta midomo kwa kiwiko mara tatu.

Daktari Mwanamvita alikuwa amesimama juu yetu. Akanyoosha mkono. "Nitafutie lingine, bibi." Nikamtafutia. Akarudi nalo chumbani, na mimi nyuma, akaliweka kwenye ile mashine ya kutazamia macho, pale ambapo kidevu kinakaa, akalishikilia kwa vidole. Akawasha taa nyembamba. Akatazama muda mrefu.

"Subhana Allah," akasema. "Kuna duara."

"Dirisha," nikamwambia.

"Na wewe unaliona bila mashine."

"Nikivua miwani."

Amoni naye akaomba atazame. Aliinama, akaweka jicho. Sikuona uso wake, niliona shingo tu, na shingo ile ninaijua tangu ilipokuwa laini. Ilikuwa imelegea. Alipoinuka hakunitazama mimi, aliitazama miwani yangu mkononi mwangu, jinsi alivyoitazama siku ile mlangoni. Safari hii alikaa nayo zaidi.

"Kwa hiyo ukivua," akasema, "si kwamba imeshindwa."

"Haijashindwa hata siku moja."

"Na bodaboda, Mama?" Sauti ilikuwa ndogo. "Ikirudi?"

Hilo lilikuwa swali la haki, ndilo la pekee la haki alilouliza tangu Januari. Nikalijibu kwa haki. "Huenda ikarudi. Hilo nimeliweka kwenye mizani pamoja na mengine. Mwanga wa leza si mbaya, nimemwona Witness. Kwake ni neema. Mimi mnanipa barabara mnanichukulia mikono, na mkishachukua hakuna kurudisha. Sitaki. Niseme mara ngapi? Sitaki."

Daktari akaniambia jambo moja la mwisho, nami naliandika ili msomaji mwenye macho kama yangu alijue. Alisema miaka inayokuja mtoto wa jicho ataingia, kama anavyowaingia wazee wengi, na siku hiyo jicho litabadilishiwa lenzi, na pale patakuwa na kuchagua upya: mbali au karibu. "Siku hiyo waambie unataka nini," akasema. "Usimwache mtu akusemee."

"Hata leo sijamwacha."

Akaniandikia miwani nyingine ya akiba na kamba ya shingoni, niliyopaswa kuwa nayo tangu mwaka themanini na saba. Kisha nikaomba ile fomu. Amoni alidhani nimeighairi nia yangu, akaniletea mbio. Nikavua miwani. Chini, mahali pa saini, nikaandika kwa herufi zangu za shule, zilizolala upande mmoja: *Nimesoma. Nimeelewa. Sikubali.* Nikatia jina, Nesta Mika, na tarehe. Muuguzi akasema hapo hapaandikwi hivyo. Nikamwambia sasa pameandikwa.

Tulirudi Tunduma na mvua. Basi lilituacha upande wa pili wa barabara kuu, palepale, foleni ya malori ya shaba imenyooka mpaka haionekani mwisho, bodaboda zinapenya katikati kama panya. Zakia alikuwa ng'ambo, kwenye kibaraza chake, kajifunika gunia kichwani, anapiga kelele kuushinda mvumo wa injini:

"Mama Amoni! Umerudi na macho gani?"

"Yaleyale!"

"Alhamdulillahi! Njoo, magunia yananguruma kwa wadudu huku!"

Amoni akanishika mkono, akakaza, kama mtu anavyomshika mtoto. Nikauchomoa.

"Mama, tafadhali."

"Usinishike mkono. Shika mwavuli, uweke mbele ya uso wangu, miwani isilowe. Basi. Kutembea najua."

Akakunjua mwavuli. Akauinamisha mbele yangu, yeye mwenyewe akabaki nje ya mwavuli, maji yanamwingia kwenye ukosi na kwenye vile viatu vyenye ncha. Vioo vyangu vikabaki vikavu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona dereva wa lori la kwanza mpaka pengo la jino lake. Nikainua kiganja, akasimama. Nikavuka.

Zakia alikuwa ameshatandika mkeka. Nilikaa, nikavua miwani, ikaning'inia kifuani kwa kamba yake mpya, nikavuta ungo. Baada ya muda Amoni naye akakaa chini, amelowa chapachapa, akaokota harage moja na kulileta karibu na uso wake mpaka macho yakakutana.

"Sioni kitu," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Sogea, unanizibia mwanga."